Hakulipa au Hajalipa? Aina za Data na Haki ya Mtu

Kadi yangu ya utambulisho inasema nilizaliwa tarehe 1 Januari. Ya dada yangu anayenifuata inasema hivyo hivyo, na ya mdogo wetu wa kiume pia. Tumepishana miaka, lakini kwa karatasi siku yetu ni moja. Mama hakudanganya siku tulipoandikishwa. Alipoulizwa tarehe yangu, alisema nilizaliwa wakati wa kuvuna maharage, mwaka ambao nyumba ya babu iliungua. Aliyekuwa akiandika alimsikiliza kwa adabu, kisha akatazama skrini yake. Nafasi ya tarehe ilitaka siku, mwezi na mwaka. Maharage hayakuwa na pa kuingia. Akaandika 01/01. Hapa Nakivale majirani zetu wengi wana siku hiyo hiyo ya kuzaliwa.

Nyumbani tulizoea kulichukulia jambo hili kama mzaha: Mwaka Mpya ukifika tunapongezana sote kwa pamoja. Lakini tangu nilipoanza kujifunza kuandika programu za kompyuta, mzaha umegeuka swali. Na mwaka jana wakati wa likizo, baada ya mimi mwenyewe kumkosea mtu kwa programu isiyofika mistari mia moja, swali likawa langu kabisa. Swali lenyewe ni hili: tunapomwandika mtu ndani ya mashine, tunalazimika kuichagulia kila habari yake aina. Je, anayechagua aina hiyo anawajibika kwa yatakayompata mtu yule? Jibu langu ni ndiyo. Kabla ya kulitetea, nitaeleza aina za data ni nini, kwa kuwa najua wasomaji wangu wengi ni watu wa fasihi na isimu kama mimi.

Kompyuta haijui maharage wala tarehe. Ndani yake kila kitu ni sifuri na moja. Herufi kubwa A na namba 65 zinaweza kuhifadhiwa kwa mpangilio uleule, 01000001, na mashine haina njia ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili mpaka ielezwe aina yake. Aina za msingi anazofundishwa kila anayeanza ni nne. Ya kwanza ni namba kamili, kama 3 au 28. Ya pili ni namba ya desimali, kama 2.5. Ya tatu ni matini, yaani herufi zinazofuatana, kama "Rubondo" au "Juru". Ya nne ni buliani, ambayo ina thamani mbili tu: kweli na si kweli. Aina hii imepewa jina la George Boole, mwanahisabati Mwingereza ambaye mwaka 1854 alichapisha kitabu kuhusu sheria za fikra, akionyesha kwamba hoja za kimantiki zinaweza kufanyiwa hesabu.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana sababu ya kuogopa jambo hili, maana tunaishi nalo. Nomino zetu zina ngeli, na ngeli huamua nomino itapatana na nini. Tunasema kiti kimevunjika, mti umevunjika. Ukisema "mti kimevunjika" msikilizaji atakukatalia, kama vile lugha ya Python inavyokataa kujumlisha namba na matini. Lakini walimu wetu wametufundisha pia kwamba kuna vigezo viwili vya kuainisha ngeli. Kigezo cha mofolojia hutazama umbo la nomino. Kigezo cha sintaksia hutazama upatanisho wake katika sentensi. Kwa umbo, kiongozi, kijana, kipofu na kiziwi wanafanana na kiti na kisu. Kwa upatanisho, hapana. Tunasema kipofu amefika, hatusemi kipofu kimefika. Lugha imeona kiambishi ki-, ikakumbuka kwamba anayezungumziwa ni mtu, ikampa upatanisho wa mtu. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa sababu nitalirudia.

Sasa nieleze nilivyokosea. Familia yetu ilitoka Kivu Kusini nikiwa mdogo, tukapokelewa Nakivale, wilayani Isingiro. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea Watutsi kutoka Rwanda, na leo wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine. Mimi nasoma Mbarara, na likizo narudi nyumbani. Mama yangu ni mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanawake 28, katika eneo la Base Camp. Wanakutana kila Jumamosi. Sanduku la chuma lenye kufuli tatu huwekwa katikati, na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Kila mwanachama hununua hisa, kati ya moja na tano, na hutoa pia mchango mdogo wa mfuko wa jamii, ambao kazi yake ni kumsaidia mwenye ugonjwa au msiba.

Hesabu zao zilikuwa katika daftari. Katibu alikuwa amelichoka daftari, nami nilikuwa na kompyuta ya kuazima na elimu ya miezi mitatu. Nikajitolea kuwaandikia programu. Niliwakumbusha methali: mali bila daftari hupotea bila habari. Nikawaambia hili litakuwa daftari lisilochanika.

Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo. Niliziandika namba za simu kama namba kamili. Zinaitwa namba, na zina tarakimu tupu. Sikuona sababu ya kusita. Jioni ile ile kila simu ilikuwa imepoteza sifuri yake ya mbele, kwa sababu katika hesabu 07 na 7 ni kitu kimoja. Mweka hazina alipopiga hakumpata mtu hata mmoja. Kama ningeanza na msimbo wa Uganda, 256, ningeepuka tatizo hilo na kukutana na jingine siku ambayo ningehamia Java. Namba kamili ya kawaida katika lugha hiyo hutumia biti 32 na haiwezi kupita 2,147,483,647, ilhali namba ya simu yenye msimbo wa nchi ina tarakimu 12.

Mwalimu aliyenifundisha programu alicheka nilipomweleza, kisha akanipa kipimo ambacho nimekitumia tangu siku ile. Alisema usiulize kitu kinafanana na nini, uliza utakifanyia nini. Je, utajumlisha simu mbili? Je, wastani wa simu za wanachama una maana yoyote? Kama hauna, hiyo si namba hata kama ina tarakimu. Iandike kama matini.

Kipimo hiki kina falsafa ndani yake. Aina ya data haisemi kitu ni nini. Inasema kitafanyiwa nini. Nikiita habari fulani namba kamili, nimeruhusu ijumlishwe, ipunguzwe, ilinganishwe. Nikiiita buliani, nimeruhusu igawe watu katika pande mbili. Basi ninapochagua aina ya habari ya mtu, ninatoa ruhusa juu yake, mara nyingi bila yeye kujua kwamba ruhusa imetolewa. Ndiyo sababu nasema uchaguzi huu ni jambo la maadili, ingawa vitabu vya wanaoanza huuweka katika sura ya pili kama jambo la ufundi tu.

Kosa la pili halikuonekana jioni ile ile. Kwa mchango wa mfuko wa jamii nilitumia buliani. Kila mwanachama alikuwa na nafasi moja kwa kila wiki, niliyoiita amelipa. Wiki ilipoanza programu iliwaweka wote kwenye si kweli, kisha katibu alibadilisha jina moja moja kadiri fedha zilivyopokelewa. Nilipenda usafi wake. Katika Python kweli huhesabiwa kama 1 na si kweli kama 0, kwa hiyo ningeweza kujumlisha majibu yote na kupata papo hapo idadi ya waliolipa. Mwisho wa mkutano programu ilionyesha orodha, na juu ya majina yaliyobaki kwenye si kweli niliandika neno moja kwa herufi kubwa: HAKULIPA. Kikundi kina kanuni kwamba anayekosa mchango mara tatu mfululizo hakopeshwi mpaka mzunguko unaofuata.

Miongoni mwa wanachama yupo mama mjane, jirani yetu. Mtoto wake aliugua, akahamishiwa hospitali Mbarara, na mama akakaa naye huko wiki tatu, akilala sakafuni kando ya kitanda kama wanavyofanya wengi wanaouguza. Simu yake haikuwa na chaji siku nyingi. Alirudi na mtoto mzima, na deni la dawa na nauli. Jumamosi akaja mkutanoni kuomba mkopo mdogo wa mbegu, kwa kuwa mvua zilikuwa zimekaribia. Katibu akafungua kompyuta. Jina lake lilikuwa chini ya HAKULIPA mara tatu. Katibu akasoma kwa sauti, na mwenyekiti akasema kanuni ni kanuni. Mama akakaa chini bila kusema neno. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, na nakiri kwamba jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa fahari, kwa sababu programu ilifanya kazi.

Jioni mama yangu aliniuliza swali moja tu: katika daftari la zamani tungeandika nini? Nikalichukua daftari nikalisoma. Katika safu ya michango kulikuwa na alama za vema na nafasi tupu, sawa na buliani yangu. Lakini pembeni, kwenye pambizo, kulikuwa na maneno. "Yuko hospitali." "Amefiwa." "Atalipa Jumatano." "Amelipiwa na dada yake." Nilipoyahamisha mahesabu kwenye kompyuta, niliiacha pambizo nyuma. Sikuifuta kwa makusudi. Sikuiona kama data.

Usiku ule neno lililonisumbua lilikuwa HAKULIPA, kwa sababu hilo nililichagua mimi, mwanafunzi wa Kiswahili. Ukanushaji wa nyakati ni zoezi ambalo kila mmoja wetu amelifanya darasani. Kanusha "alilipa", unapata "hakulipa": wakati ulikuja ukapita, naye hakutenda, jambo limefungwa. Kanusha "amelipa", unapata "hajalipa": mpaka sasa tendo halijafanyika, lakini linaweza kufanyika bado. Kanusha "hulipa" au "analipa", unapata "halipi", na hapo unaanza kuzungumzia tabia ya mtu. Nafasi niliyoiita amelipa, ikiwa si kweli, ilipaswa kusomwa hajalipa. Kiambishi -ja- kilikuwa pale, tayari, katika sarufi ya lugha yangu mwenyewe. Nilikitupa nikaweka -ku-, na mlango ukafungwa.

Nataka kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu ni rahisi kuilaumu buliani bure. Buliani haikusema uongo. Kauli kwamba yule mama amelipa haikuwa kweli. Uongo ulianza pale tulipovuka kutoka "si kweli kwamba amelipa" tukafika "ameukataa wajibu wake", kisha tukamwadhibu kwa hilo la pili. Kati ya kauli hizo mbili kuna watu wengi: ambaye hakuwepo, ambaye hakuulizwa, ambaye hana, ambaye atalipa kesho, na ambaye kweli amekataa. Mashine iliwaweka wote kwenye sifuri moja.

Wanafalsafa wamelijua jambo hili zamani. Aristotle alifundisha kwamba kati ya kauli na ukanusho wake hakuna nafasi ya katikati. Lakini yeye mwenyewe alisita alipofikia mambo yajayo. Akauliza: kauli kwamba kesho kutakuwa na vita vya baharini, je, leo ni kweli au si kweli? Ukijibu upande wowote, unaonekana kuifunga kesho kabla haijafika. Mchango wa jirani yetu ulikuwa wa namna hiyo. Alikuwa bado njiani kulipa, nasi tukamhukumu kana kwamba safari imekwisha.

Niliporudi Mbarara nilimsimulia mwenzangu wa darasa habari hii tukinywa chai. Nilitarajia anihurumie. Badala yake alinipinga, na hoja yake ni nzito kiasi kwamba siwezi kuandika insha hii bila kuieleza. Alisema: unaisifu pambizo, lakini nani alikuwa akiandikiwa udhuru humo? Bila shaka marafiki wa katibu. Buliani haimjui shemeji wala jirani. Ukitaka haki, usiruhusu visingizio. Mhesabu kila mtu sawa.

Likizo iliyofuata nililifungua tena daftari lile kwa macho yake. Alikuwa na haki zaidi ya nilivyotaka. Nyudhuru nyingi zilikuwa za wanawake waliokaa karibu na viongozi au waliozungumza sana mikutanoni. Wanawake wawili kutoka Burundi, wakimya, walikuwa na nafasi tupu mara kadhaa, na pembeni mwa majina yao hapakuandikwa neno hata mara moja. Sidhani kwamba hawakuwa na sababu. Hakuna aliyewauliza.

Na hoja ya mwenzangu inaenea mbali kuliko kikundi cha watu 28. Mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda, pamoja na UNHCR, ilihakiki wakimbizi nchini kwa alama za vidole na picha za mboni za macho. Kumbukumbu za awali zilikuwa na takriban watu milioni 1.4, waliohakikiwa walikuwa takriban milioni 1.1. Hesabu isiyo sahihi haimdhuru mtu wa kubuni, inamdhuru mwenye njaa aliye kwenye foleni. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema kwamba kumwandika mtu kwa tarakimu ni kumdharau. Mtu asiyehesabiwa hapati maharage wala mafuta ya kupikia. Kuna wakati namba kamili ndiyo heshima ya kwanza.

Basi nimjibuje mwenzangu? Namkubalia kwamba pambizo la siri ni mlango wa upendeleo. Lakini dawa yake haiwezi kuwa kuliondoa pambizo, kwa sababu tukiliondoa, shida za watu haziondoki. Zinaandikwa tu kama makosa. Dawa ni kulifanya pambizo liwe la kila mtu na lisomwe mbele ya wote. Usawa wa kweli si kukataa kusikiliza sababu za mtu yeyote. Ni kumuuliza kila mtu, akiwemo asiyezungumza.

Hapo ndipo nilipoanza kurekebisha programu. Nafasi ya mchango sasa ina hali tatu: amelipa, amekataa, na haijulikani. Wiki inapoanza wote wako kwenye haijulikani, kwa sababu huo ndio ukweli wa Jumamosi asubuhi. Katika Python hali hiyo huandikwa kwa neno None. Waandishi wa programu hawaipendi thamani hii. Tony Hoare, aliyeibuni thamani ya namna hiyo mwaka 1965 katika lugha ya ALGOL W, alikuja kusema mwaka 2009 kwamba lilikuwa kosa lake la dola bilioni moja, kwa sababu programu nyingi zimeanguka zilipokutana na thamani tupu ambayo hazikuitarajia. Namwelewa. Kila mahali penye None lazima uandike mstari wa ziada: kama haijulikani, simama kwanza. Lakini kwa kikundi chetu kusimama huko ndiko nilikokuwa nakitafuta. Programu haiwezi kufunga mkutano mpaka katibu amtaje kila aliye kwenye haijulikani, kikundi kiulizane habari zake, na jibu liandikwe kama matini, kwa maneno ya mwenyewe akiwepo. Mikutano imekuwa mirefu kwa robo saa hivi. Baadhi ya wanachama wananung'unika.

Nilikwenda pia kumwomba radhi yule mama. Nilimkuta akipepeta mahindi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa Kiswahili chetu cha Kivu: "Mutoto yangu, mimi sikukatala kulipa. Hakuna mutu aliniuliza." Nilimwambia kikundi kimefuta rekodi ile na anaweza kukopa Jumamosi. Akasema ahsante, lakini mbegu ameshapanda. Alikuwa amezichukua kwa mfanyabiashara, na wakati wa mavuno atamrudishia magunia mawili kwa kila moja. Sikuwa na mstari wa kurekebisha hilo.

Nalisimulia hili kwa sababu makosa ya aina za data yana sifa moja mbaya: yakimwangukia mtu, hayatoi sauti. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika angani chini ya dakika moja baada ya kuruka, kwa kuwa programu ilijaribu kuigeuza namba ya desimali ya biti 64 iwe namba kamili ya biti 16, nayo haikutosha. Dunia nzima iliona moshi, tume ikaundwa, sababu ikapatikana. Mwanamke anapobanwa katika aina isiyomtosha hakuna moshi. Anakaa chini tu, na mkutano unaendelea.

Na wanaobanwa hawako kwenye vikundi vya akiba peke yake. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza nchini Uganda kuzigawa kaya za wakimbizi katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji: kundi la kwanza kupewa asilimia 60 ya mgawo kamili, la pili asilimia 30, na la tatu kutopewa mgawo. Fedha za wahisani zilikuwa zimepungua, na kumgawia kila mtu sawa kungekuwa kumpa mwenye shida kubwa kidogo mno. Sisemi kwamba kugawa kulikuwa kosa. Mimi mwenyewe nisingejua njia bora zaidi. Ninachosema ni kwamba hii ni aina ya data yenye thamani tatu, na kaya ni kitu kinachobadilika: baba anaugua, binti anapata kazi Mbarara, mvua inakataa. Thamani iliyokuwa sahihi Julai inaweza kuwa si sahihi Desemba. Kwa hiyo swali la haki haliishi siku ya kuandikwa. Linaendelea kila siku ambayo thamani ile inatumika: je, kuna mtu anayeuliza tena, na je, aliyeandikwa anajua pa kwenda kusema "hapa mmenikosea"?

Kutokana na haya nimejiwekea masharti matatu, nayo nayapendekeza kwa yeyote miongoni mwetu atakayeandika programu, au atakayeketi siku moja nyuma ya meza akijaza fomu za watu. La kwanza, nafasi yoyote inayomhusu mtu iwe na njia ya kusema haijulikani, ili kutojua kwetu kusigeuke kuwa kosa lake. La pili, neno tunaloliweka juu ya thamani lisiwe kali kuliko thamani yenyewe. Mwenye si kweli kwenye "amelipa" aitwe hajalipa. La tatu, mtu asomewe alivyoandikwa na awe na haki ya kusahihisha. Masharti haya yana gharama ya muda na mistari. Lakini muda tunaouokoa kwa kuyaacha, mtu mwingine anaulipa kwa magunia yake.

Nirudi kwa kipofu. Lugha yetu ilimpa umbo la ki-, na umbo hilo halijabadilika mpaka leo. Lakini waliotutangulia, kila walipofungua kinywa kumzungumzia, walisema amefika, ameketi, amesema. Nadhani hilo ndilo linalowezekana pia kwa mashine. Hatuwezi kuiandika kompyuta bila aina, kama tusivyoweza kusema Kiswahili bila ngeli. Tunachoweza ni kukumbuka, wakati wa kuitumia data, kwamba upatanisho wake ni wa mtu.

Kuhusu tarehe yangu ya kuzaliwa, niliwahi kujiuliza kama ninadanganya kila ninapotia sahihi chini ya 01/01. Sasa naona kwamba si uongo maadamu wote wanaohusika wanakumbuka kuwa imewekwa kujaza nafasi. Inakuwa uongo siku mtu anapoisahau asili yake na kuanza kuitumia kama ukweli, tuseme kuamua nani kati ya watoto wawili wa 01/01 amechelewa kuanza shule. Kwa hiyo bado naijaza kama kadi inavyosema. Ila kama fomu ina mstari wa maelezo ya ziada, naandika hapo: wakati wa kuvuna maharage.